Meza Ing'aayo Isinunuliwe kwa Mapafu ya Vijana

Kasumba ni mmea mgumu. Huendelea kuchipua hata baada ya walioupanda kuondoka. Mahali pamoja unapochipua leo bila haya ni katika samani. Mtu aliyejaliwa kipato cha kutosha mjini Morogoro, akajenga nyumba yake chini ya safu ya Uluguru, hujiona hajakamilika mpaka awe na meza ya jikoni iliyofunikwa bamba jeupe lenye mishipa ya kijivu, lililovuka bahari likiwa limefungwa ndani ya kreti. Bamba hilo limetengenezwa makusudi lifanane na marumaru ya Italia. Na nyuma ya nyumba hiyo hiyo, katika milima anayoiona dirishani kila asubuhi, imo marumaru ya kweli, iliyopikwa na ardhi yenyewe kabla mwanadamu hajakanyaga dunia. Mwenye nyumba anaipa mgongo marumaru ili anunue sanamu yake.

Lugha nayo imeshuhudia jambo hili. Siku hizi fundi akisema anakwenda dukani kununua marumaru, wengi huelewa kwamba anakwenda kununua vigae vya kiwandani. Jina la jiwe limenyang'anywa jiwe, likapewa udongo uliochomwa na kupakwa rangi.

Kama hasara ingekuwa ya fedha peke yake, jambo hili lingeweza kuachiwa wapenda fahari na mifuko yao. Lakini hasara yenyewe ni ya uhai, tena uhai wa watu ambao hawatakaa kamwe kwenye meza hizo. Ndiyo maana hapana budi lisemwe waziwazi.

Yafaa kwanza ieleweke bidhaa hiyo ni kitu gani. Wafanyabiashara huiita kwatzi, kana kwamba imechimbwa ikiwa nzima mlimani. Sivyo. Ni jiwe la kiwandani. Mawe ya kwatzi husagwa, yakachanganywa na gundi ya resini ya poliesta pamoja na rangi. Mchanganyiko huo hushindiliwa na kutikiswa ndani ya mashine iliyoondolewa hewa, kisha hupashwa moto ukagandamana. Kwa kawaida sehemu kama 90 kati ya 100 za uzito wake ni kwatzi. Ufundi huo ulikuzwa na Mwitalia Marcello Toncelli, ambaye kampuni yake ya Breton ilianzishwa mwaka 1963. Toka hapo viwanda vimeenea Hispania, Israeli, China, India na kwingineko, na mabamba yake yamefika katika maduka ya Dar es Salaam. Kinachouzwa Dar es Salaam leo, kesho kinatamaniwa Morogoro. Na tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya miji hiyo mwezi Juni 2024, mitindo ya mji mkubwa haihitaji hata kulala njiani.

Mtu anayepinga kitu bila kukiri sifa zake hupiga ngumi hewani. Jiwe la kiwandani lina sifa. Halinyonyi mafuta, halihitaji kupakwa nta, maji ya ndimu hayalichubui, na rangi yake ni ile ile kutoka bamba la kwanza hadi la mia. Mbunifu wa samani akichora makabati ya hoteli yenye vyumba 60, anajua kwamba meza zote zitafanana. Hata hivyo lina kasoro ambazo muuzaji hazitaji. Resini yake huchukia jua kali, hivyo meza ikiwekwa barazani hugeuka manjano. Sufuria iliyotoka motoni moja kwa moja huweza kuliachia doa au ufa usiotibika. Katika nchi ambayo jua halina likizo na jiko la mkaa halina kipimo cha joto, kasoro hizo si ndogo.

Lakini kasoro kubwa haionekani dukani. Hujitokeza siku bamba linapokatwa. Meza yoyote, ili ipate tundu la sinki, pembe za mviringo na ukingo uliolainishwa, sharti jiwe likatwe na kusuguliwa. Hapo hutoka vumbi la kwatzi, na chembe zake za hatari ni ndogo mno kiasi kwamba jicho halizioni. Pua haizizuii, wala kikohozi hakizitoi. Huingia mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Chembe hai za mwili zinazolinda mapafu huzimeza kama zinavyomeza vijidudu, lakini jiwe haliyeyushwi; zenyewe ndizo zinazokufa, na mahali pake huota kovu. Kovu huzaa kovu, mapafu yakakakamaa, na mtu akaanza kuhema kwa kupanda ngazi tatu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya. Huendelea hata baada ya mgonjwa kuacha kazi.

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Mganga Bernardino Ramazzini wa Italia aliandika juu ya wachonga mawe wenye kifua kibovu katika kitabu alichochapisha mwaka 1700. Kilicho kipya ni kasi. Graniti ina kwatzi, lakini mara nyingi ni theluthi yake au pungufu. Marumaru halisi ina kiasi kidogo sana, maana imejengwa kwa chokaa. Jiwe la kiwandani ni kwatzi karibu tupu. Wachimbaji wa zamani waliugua baada ya miaka 20 au 30. Wakataji wa jiwe hili wameugua baada ya miaka michache, wakiwa bado vijana wenye watoto wachanga. Mwaka 2012 waganga wa Israeli walichapisha habari za wagonjwa 25 waliofikishwa katika kituo cha kubadilisha mapafu, wote wakiwa wakataji wa jiwe hilo. Taarifa za namna hiyo zilitoka Hispania, kisha Australia, kisha jimbo la California nchini Marekani, ambako wengi wa waathirika walikuwa wahamiaji kutoka Amerika ya Kilatini. Mnamo tarehe 1 Julai 2024, Australia ikawa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku utengenezaji, usambazaji na ukataji wa mabamba hayo. Wataalamu wake walisema kwamba hapakuwa na ushahidi wa kiwango chochote cha kwatzi katika jiwe hilo ambacho kingekuwa salama kukatwa.

Maneno hayo yapimwe vizuri. Australia ni nchi tajiri, yenye wakaguzi, mashine za kuvuta vumbi, barakoa za gharama na hospitali za kupima mapafu kila mwaka. Ilijaribu kanuni, ikajaribu faini, na mwisho ikakiri kwamba ulinzi huo wote haukutosha. Je, kipi kitamlinda kijana wa Morogoro anayekata bamba lilo hilo chini ya mwembe, kwa grainda ya mkononi, bila maji, akiwa amejifunga kanga usoni? Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi linaloonekana. Linaloua ni lile lisiloonekana. Jioni hujipangusa, akarudi nyumbani na shati lile lile, na mtoto humrukia kifuani. Anayekula kwenye meza ile hakohoi. Anayekohoa hatakula kwenye meza ile. Huo, kwa Kiswahili kisicho na mapambo, ni unyonyaji.

Ubaya mwingine umejificha nyuma ya ugonjwa huo. Silikosisi humfungulia mlango adui anayejulikana sana hapa, kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa kipindi cha 2021 hadi 2025. Kijana mkata mawe akianza kukohoa, ni rahisi mno apewe dawa za kifua kikuu, arudishwe kwenye vumbi, akohoe tena, kisha mtaa useme karogwa. Ugonjwa usioulizwa kazi ya mgonjwa hautapata jina lake.

Watetezi wa biashara hii wana hoja tatu, na kila moja yastahili jibu.

Ya kwanza husema kwamba jiwe la kiwandani linaleta ajira. Ni kweli kwamba anayekata bamba hulipwa. Lakini thamani kubwa ya bamba imekwisha kubaki ng'ambo, mikononi mwa mwenye kiwanda, mwenye meli na dalali. Kinachobaki Morogoro ni ujira wa kukata, na pamoja na ujira huo, vumbi lote. Utaratibu ambao faida inakaa upande mmoja na ugonjwa upande mwingine hauwezi kuitwa ajira pasipo kuona aibu. Isitoshe, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, hutegemea michango ya waajiri. Kijana asiye na mkataba, asiyeandikwa katika daftari lolote, aliyekata mawe ya mafundi wanne tofauti katika miaka mitano, atamshitaki nani na kwa ushahidi gani?

Hoja ya pili ni kwamba maji yakimwagwa juu ya msumeno, hatari imekwisha. Maji ni lazima, na anayekata jiwe lolote pasipo maji anajiua. Lakini maji hupunguza vumbi, hayalimalizi. Tope linaloachwa sakafuni hukauka, likakanyagwa, likapeperushwa, na kesho yake karakana nzima hulivuta. Kazi ya kulainisha kingo kwa mkono ndiyo inayomweka fundi karibu zaidi na jiwe.

Hoja ya tatu ni kongwe kuliko zote: eti mteja ndiye anayetaka. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mteja hakuzaliwa akitamani bamba jeupe la kiwandani. Amefundishwa na picha, na waliomfundisha hawakumwonyesha mapafu ya mkataji.

Morogoro si mji wa kudanganyika kirahisi katika mambo haya, maana umepata kulipia somo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa fedha za mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya jozi hizo ziuzwe Ulaya. Jengo lake lilikuwa la kuta za alumini, halina mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao joto lake kila mtu analijua. Uzalishaji haukufikia hata sehemu ya kumi ya lengo, na mwaka 1990 kiwanda kikafungwa. Viatu havikuwa kosa. Ngozi ilikuwapo na watu wenye miguu walikuwapo. Kosa lilikuwa kuleta jibu lililobuniwa mahali pengine, kwa hali ya hewa nyingine na soko jingine, bila kuuliza mji wenyewe una nini na unahitaji nini.

Basi iulizwe: Morogoro una nini?

Una marumaru katika miamba ya Uluguru, ikiwamo ile ya Matombo ambamo rubi na spinela hupatikana. Una miti ya mtiki katika shamba la Serikali la Mtibwa, na mashamba mengine ya mti huo katika bonde la Kilombero. Saruji huja kwa barabara kutoka Wazo na Tanga. Una chuo cha ufundi stadi cha VETA pale Kihonda, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984, chenye wataalamu wa misitu na mbao. Na una mafundi, ambao kwa miaka mingi wamesugua sakafu za terazo katika shule, hospitali na ofisi.

Terazo! Ndilo jibu lililokuwa likikanyagwa wakati watu wakitafuta jibu kontenani. Terazo nayo ni jiwe la kutengenezwa: kokoto za marumaru hufungwa kwa saruji, zikasuguliwa mpaka zing'ae. Kinachoitofautisha na bamba la kigeni ni kwamba gundi yake ni saruji badala ya resini, na kokoto zake ni chokaa badala ya kwatzi. Jua haliigeuzi manjano. Ikiharibika hupigwa msasa, ikarudi upya. Sakafu za namna hiyo zimebeba miguu ya wanafunzi kwa miongo mingi, na bado zinang'aa. Kitu kilichostahimili miguu kitashindwaje na sahani?

Mbunifu wa samani atauliza juu ya uzito, na ni haki yake. Bamba la kwatzi la milimita 20 lina uzito wa karibu kilo 50 kwa kila mita moja ya mraba. Terazo ya milimita 25 hukaribia kilo 60. Meza ya mita 1.2 kwa mita 0.6, yaani eneo la mita za mraba 0.72, itabeba uso wa kilo 43 hivi. Huo si uzito wa kuogopwa. Ni uzito wa kuheshimiwa. Miguu iwe ya mtiki mnene, iunganishwe kwa ulimi na tundu, si kwa misumari. Chini ya uso ipite mihimili miwili ya kuupokea. Ndani ya terazo uwekwe wavu wa chuma chembamba. Na ukingo usichomoze mbali bila kuegemezwa. Pembe zote ziviringwe tangu kwenye kalibu, ili kazi ya kusugua ipungue na vumbi lipungue nayo. Hapo ndipo ubunifu unapokutana na utu: fundi anayefikiri mapema hupunguza vumbi kabla mashine haijawashwa.

Ukweli mwingine usifichwe. Marumaru na terazo huchubuliwa na ndimu na siki, kwa hiyo hutaka nta na kitambaa cha kufutia. Mchanga uliomo katika saruji nao una kwatzi, kwa hiyo terazo pia isisuguliwe kavu hata mara moja. Lakini kati ya kumwambia mama wa nyumbani afute ndimu upesi na kumwambia mama mwingine amzike mwanawe wa miaka 30, hakuna mwenye akili timamu atakayeona ugumu wa kuchagua.

Hata hivyo, neno marumaru lisiwe ruhusa ya kuuchuna mlima. Uluguru, wenye vilele vinavyopita mita 2,600, ndio chanzo cha Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam, na ndio unaoijazia maji Morogoro yenyewe. Msitu wake wa hifadhi si machimbo, na haufai kuguswa kwa ajili ya meza ya mtu. Fadhila ya terazo ni kwamba haidai mapande makubwa yanayohitaji mlima kupasuliwa. Hutosheka na vipande na makombo ambayo mchimba mapande huyatupa. Na palipo na mawe nje ya hifadhi, wenyeji waulizwe kwanza. Mwaka 1955 Waluguru waliinuka kupinga amri ya wakoloni ya kuchimba matuta ya ngazi, amri iliyotungwa kwa jina la kuhifadhi udongo bila kuwasikiliza wenye udongo. Waliotoa amri walikuwa na vitabu. Waliokataa walikuwa na uzoefu wa miteremko yao. Mpango wowote wa mawe utakaopanda Matombo au Mgeta bila kuketi na wananchi utateremka kama ule wa mwaka 1955.

Yanayotakiwa kutendwa si mafumbo. Kwanza, ukataji mkavu wa jiwe lolote upigwe marufuku katika karakana zote, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, wenye mamlaka chini ya Sheria Namba 5 ya mwaka 2003, ufike mpaka chini ya miembe, usiishie kwenye viwanda vyenye mageti. Pili, kila bamba la kiwandani linaloingia nchini liandikwe kwa Kiswahili kiasi cha kwatzi kilichomo na hatari yake, wakati Serikali ikipima kufuata njia ya Australia. Bidhaa iliyofungiwa mlango mmoja hubisha hodi kwenye mwingine, na Tanzania isiwe mlango usio na bawabu. Tatu, daktari amuulize kila kijana mwenye kikohozi kisichokoma: unafanya kazi gani? Nne, VETA na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, wafundishe vijana terazo ya samani kama ufundi kamili, wenye michoro na vipimo. Tano, ofisi za umma zitoe mfano. Kampeni ya madawati ya mwaka 2016 ilithibitisha kwamba Serikali ikiagiza kwa mafundi wa ndani, mafundi wa ndani hutoa. Kilichowezekana kwa dawati la mtoto kinawezekana kwa meza ya mkurugenzi.

Watakaosema kwamba hayo ni kurudisha nyuma maendeleo wakumbushwe kwamba maendeleo ni ya watu. Meza ni mahali familia inapokusanyika kula riziki halali. Haiwi halali riziki inayoliwa juu ya jiwe lililomtoa fundi pumzi. Mcheza kwao hutunzwa. Basi Morogoro uchezee kwake, kwa marumaru yake, mtiki wake na mikono ya vijana wake, nao vijana hao wafike uzee wakipumua vizuri.